Foleni ya pembeni ni ya nani? Ulemavu, zamu na bustani za michezo

Mwezi Aprili 2024 kampuni ya Disney ilitangaza masharti mapya ya huduma inayowawezesha watu wenye ulemavu kupanda michezo katika bustani zake za Marekani bila kusimama kwenye foleni ya kawaida. Kuanzia Mei 20 kule Florida, na Juni 18 kule California, huduma hiyo ingewahusu hasa watu wenye usonji na hali nyingine za ukuaji wa ubongo zinazofanana nao. Wengine, kuanzia mwenye kiti cha magurudumu hadi mwenye maradhi ya utumbo, wakaambiwa watatafutiwa utaratibu mwingine. Mtu akiisikia habari hiyo akiwa Kampala, pengine kutoka kwa ndugu yake aliyeko kule, swali la kwanza humtoka bila kufikiri: inakuwaje asiyeweza kutembea anyimwe, halafu kijana mwenye miguu yake mizima apewe?

Swali hilo lina jibu, ingawa jibu lenyewe halimfurahishi kila mtu. Wala si la Wamarekani peke yao. Viwanja vyetu vya michezo ni vidogo na siku za kawaida hakuna foleni ya kuzungumzia, lakini ngoja ifike Idd au Boxing Day. Familia humiminika kutoka Kisenyi, Bwaise, Kawempe hadi Bombo, mzazi mmoja na watoto wanne, na pale kwenye treni ya watoto sheria inayotawala ni mwenye nguvu mpishe. Siku hiyo ugomvi wa Florida unakuwa wetu pia, na hakimu wake ni kijana mmoja mwenye kitita cha tiketi mkononi.

Ili kuuelewa ugomvi huo inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila mara: njia na zamu. Njia ni namna mwili wako unavyofika kwenye kiti cha mchezo, yaani ngazi, mlango, upana wa kipito, kimo cha kiti. Zamu ni lini utapanda ukilinganishwa na wengine waliokuja. Yupo anayehitaji njia tofauti lakini zamu yake ni ile ile ya wenzake. Yupo ambaye njia ya kawaida inamfaa kabisa, ila hawezi kuisubiri zamu yake pale wanaposubiri wengine. Karibu kila malalamiko utakayoyasikia kuhusu jambo hili, yawe ya wenye ulemavu au ya wasio nao, yanatokana na mmoja kudai njia huku mwenzake akidhani ameombwa zamu.

Mlango wa kutokea

Bustani za zamani za Marekani na Uingereza zilijengwa na foleni nyembamba, zenye kona nyingi, na mara nyingi ngazi za kupandia hadi kwenye mchezo. Kiti cha magurudumu hakikupita. Dawa ya haraka ikawa kumpitisha mwenye kiti kwenye mlango wa kutokea, na kwa kuwa mlango wa kutokea hauna foleni, akafika na kupanda papo hapo. Hakuna aliyekaa mezani akaamua kwamba mwenye kiti apande kwanza. Njia ya pembeni ilileta zamu ya mapema kwa bahati tu. Lakini waliokuwa wameungua na jua saa nzima waliona kilichoonekana: kiti cha magurudumu ni tiketi ya kuruka foleni. Imani hiyo haijatoka vichwani mwa watu hadi leo.

Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria yake kuu ya haki za watu wenye ulemavu, ile inayojulikana kwa herufi ADA, na majengo mapya yakalazimika kufikika. Michezo iliyojengwa baadaye ikapewa vipito vipana visivyo na ngazi, na mwenye kiti akaanza kusubiri bega kwa bega na familia yake na watu wengine wote. Hapo ndipo lilipo jibu la nusu ya kwanza ya swali letu. Machoni pa Disney, mwenye kiti tayari amepewa njia, na kwa kuwa ameketi, saa moja ya foleni inamgharimu kiasi kile kile inachomgharimu jirani yake.

Nasema machoni pa Disney kwa makusudi. Wapo wenye viti ambao maumivu ya mgongo, vidonda vya kukaa au mpira wa mkojo hauwaruhusu kukaa saa nzima kwenye kipito kisicho na pa kugeuzia. Kiti hakisemi yote kuhusu mwili uliomo ndani yake.

Nusu ya pili ni yule kijana mwenye usonji. Mweke kwenye kipito kilichofunikwa, taa zinawaka na kuzima, spika inarudia maneno yale yale kila dakika mbili, mtu wa nyuma anamgusa begi, wa mbele anageuka ghafla, na hakuna anayeweza kumwambia itakuwa lini. Kuna watoto ambao hapo huanza kujipiga kichwa, kupiga mayowe, au kutimua mbio gizani. Kipito kikiwa kipana au chembamba kwake haileti tofauti. Ugumu wake umo kwenye kusubiri mahali pale, na ndiyo maana kinachorekebishwa kwake ni mahali pa kusubiria.

Kadi iliyozidiwa

Kabla ya huduma ya sasa Disney ilikuwa na Guest Assistance Card. Uliieleza hali yako kwenye dirisha la huduma, ukapewa kadi, na kwenye michezo mingi kadi hiyo ilikupitisha moja kwa moja kwenye mlango wa haraka. Haikuwa na saa wala ukomo wa kurudia mchezo. Ilikuwa ya ukarimu mno, na kwa watu wengi ilikuwa sawasawa na kupanda kila kitu bila kungoja. Mwezi Mei 2013 gazeti la New York Post likaandika kwamba familia tajiri zilikuwa zinakodi mtu mwenye ulemavu kwa dola 130 kwa saa ili aingie nao kama jamaa yao. Hasira zikawaka. Oktoba 9 mwaka huo huo kadi ikafutwa, ikaja Disability Access Service, kwa kifupi DAS.

DAS ilifanya jambo moja la akili: ikairudisha saa. Ukifika kwenye mchezo ambao kibao chake kinasema dakika 80, hupandi sasa. Unapewa muda wa kurudi unaolingana na foleni ile. Ni sawa na kuchukua namba zahanati asubuhi, ukaenda zako kunywa chai, ukarudi namba yako inapokaribia. Zamu yako haikusogea mbele. Umesubiri kivulini badala ya kwenye kipito.

Kwenye karatasi hapo palitakiwa kuwa mwisho wa ugomvi. Haukuisha, na sababu zake zinavutana pande mbili.

Upande mmoja wanasema: huyu anayengoja kivulini anaweza wakati huo huo kula, au kupanda mchezo wenye foleni fupi. Kwa hiyo anasubiri mara mbili kwa saa moja, na mwisho wa siku amepanda michezo mingi kuliko mimi niliyesimama. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mahesabu. Inachosahau ni urefu wa siku. Mtoto anayehitaji dawa saa saba, choo chenye nafasi ya kumlaza na kumbadilisha, na saa nzima ya kutulia baada ya kila kelele kubwa, haimalizi siku bustanini. Mara nyingi familia hizo huwa zimerudi hotelini wakati wengine ndio kwanza wanachangamka. Mimi nadhani atakayelinganisha atazame siku nzima ya familia hizo mbili, kwani saa moja peke yake haisemi kitu.

Upande wa pili wanasema: hata muda wa kurudi hautoshi. Mwaka 2014 mama wa kijana mwenye usonji alikuwa miongoni mwa walioishtaki Disney. Mwanawe alihitaji kuizunguka bustani kwa mpangilio ule ule kila safari, mchezo baada ya mchezo, na kuambiwa "rudi baadaye" kulimvuruga kama vile kusimama foleni. Mama akaomba pasi za kuingia papo hapo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliona kesi inastahili kusikilizwa kikamilifu, na mwaka 2020 jaji wa Florida akaipa Disney ushindi. Kanuni iliyoamua ni hii: mwenye biashara lazima arekebishe utaratibu wake kwa ajili ya mwenye ulemavu, isipokuwa pale ambapo marekebisho hayo yanabadili asili ya huduma yenyewe. Uzoefu wa kadi ile ya zamani ndio uliotumika kuonyesha kwamba pasi za papo hapo, zikiwa mikononi mwa wengi, zinaivunja foleni nzima.

Hesabu ya mlango wa pembeni

Kuvunja foleni si maneno ya mawakili tu. Chukua mchezo unaobeba watu 1,000 kwa saa, na foleni ya kawaida yenye watu 500. Kama hakuna mlango mwingine, wa mwisho anapanda baada ya nusu saa. Sasa fungua mlango wa haraka, na umwambie kijana wa mlangoni apitishe watu watatu kutoka huko kwa kila mmoja wa foleni ya kawaida. Foleni ya kawaida imebakiwa na viti 250 kwa saa. Wale wale 500 sasa watangoja saa mbili. Mashine haijapunguza mwendo hata kidogo; kilichobadilika ni mgao.

Uchungu wenyewe ni kwamba watu hao watatu wa mlango wa haraka kwa sehemu kubwa ni wasio na ulemavu. Mwaka 1999 Disney ilianzisha FastPass, tiketi ya muda wa kurudi iliyotolewa bure kwa kila mgeni. Mwaka 2021 ikaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Lightning Lane ya kulipia. Mwishoni mwa 2024 Florida ikapata pasi ya juu zaidi, ya kuingia wakati wowote upendao, ambayo ilipozinduliwa iliuzwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, ikitegemea bustani na tarehe. Hiyo ya juu ni zaidi ya shilingi zetu milioni moja na nusu, na kiingilio hujalipa bado.

Kwa hiyo mlango ule ule, kipito kile kile, unauzwa kwa mkono wa kulia na kutolewa kama haki kwa mkono wa kushoto. Hapo utaona kwa nini orodha ya wenye haki inabanwa. Disney yenyewe ilisema maombi ya DAS yameongezeka mno kuliko idadi ya wageni, na sioni sababu ya kubisha. Bidhaa ikipanda bei, wanaoitafuta kwa njia ya bure huongezeka, na baadhi yao huongopa. Ila anayeadhibiwa kwa uongo huo si yule aliyenunua pasi ya dola mia nne. Ni mwenye ugonjwa wa utumbo aliyeambiwa aingie foleni ya kawaida, na akibanwa atoke, ajisaidie, arudi akaungane na wenzake. Kwa mtu mzima aliyefuatana na ndugu watatu utaratibu huo unawezekana. Kwa mama aliye peke yake na watoto wawili wadogo hauwezekani, kwa kuwa hakuna wa kumshikia nafasi. Mwaka 2025 malalamiko ya aina hiyo yalifikishwa mahakamani California.

Nani aseme kwamba unaumwa?

Hapa nchi zimeachana njia.

Disney hawadai cheti cha daktari. Wanakuhoji, siku hizi kwa simu ya video, wakisaidiwa na wataalamu wa afya waliowaajiri, na wameweka wazi kwamba atakayebainika kudanganya atafungiwa kuingia milele. Ubaya wa mahojiano ni kwamba anayejua kujieleza anashinda. Mzazi anayeona aibu kutaja mbele ya mgeni kwamba mwanawe wa miaka kumi na mbili bado anavaa nepi atajibu nusu nusu, na kukataliwa.

Universal na Six Flags, kampuni nyingine za bustani za Marekani, walielekea kwingine: unajisajili kwa taasisi ya nje iitwayo IBCCES, unapeleka nyaraka za hali yako, unapata kadi, na bustani inaanzia hapo kukusikiliza. Uingereza, ambako sheria ya usawa ya mwaka 2010 inamtaka mtoa huduma afanye marekebisho yanayowezekana, wana kadi ya Access Card inayotolewa na kampuni ya Nimbus. Kadi ile haitaji jina la ugonjwa wako. Ina alama zinazoonyesha kinachokushinda: kusimama muda mrefu, kutembea mbali, kukosa choo karibu, kuhitaji msaidizi. Bustani kama Alton Towers huitazama alama, si jina la maradhi. Kwangu mimi huo ndio mpangilio wenye busara kuliko yote, maana mwendesha mchezo hahitaji kujua siri za kliniki yako. Anahitaji kujua kama unaweza kusimama.

Lakini jaribu kuihamisha kadi yoyote ya cheti hadi Uganda uone. Mtoto wa Arua au Kotido mwenye usonji, wazazi wake wakitaka karatasi ya mtaalamu, pengine itabidi wapande basi mpaka Kampala. Nauli ya kwenda na kurudi inazidi mara nyingi kiingilio cha kiwanja chochote cha michezo nchini. Watoto wengi wenye hali hiyo hawajawahi kupewa jina la ugonjwa. Nyumbani wanaitwa watundu, au jirani anasema wamerogwa. Ukiweka sharti la cheti umewafungia nje wale wale uliokuwa unawatafuta, na kuwaruhusu wenye daktari wa familia.

Tena fikiria ulemavu na maradhi tuliyonayo sisi. Utafiti wa kitaifa wa damu za watoto wachanga uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kiasi cha asilimia 13.3 ya watoto wa Uganda wana chembe ya kurithi ya siko seli, na wengine, kiasi cha asilimia 0.7, wanaugua ugonjwa wenyewe. Mtoto mwenye siko seli anaweza kuonekana mzima kabisa saa nne asubuhi. Msimamishe saa moja na nusu juani bila maji, kisha umtumbukize kwenye bwawa la maji baridi, na maumivu yanaweza kumkamata kabla ya jioni. Mtu mwenye ualbino, ambaye sheria yetu ya mwaka 2020 inamtambua miongoni mwa watu wenye ulemavu, miguu yake haina tatizo na masikio yake hayana tatizo. Jua la foleni ndilo linalomuunguza ngozi. Wote wawili dawa yao ni ile ile, na haina gharama ya maana: kivuli, maji, na karatasi yenye saa.

Kuna jambo la tatu, ambalo si njia wala zamu, nalo ni usalama wa mchezo wenyewe. Mkanda na nondo za kumkamata abiria zimetengenezwa kwa mwili wenye kiwiliwili na mapaja ya kuzishikilia, na mtengenezaji huandika nani asipande. Pia kila mchezo wa juu una hesabu ya uokoaji: umeme ukikatika, watu wangapi wasioweza kushuka ngazi wanaweza kubebwa kwa wakati mmoja? Ndiyo sababu wakati mwingine mwenye kiti hungojeshwa mpaka mwenzake ashuke. Hapo hakuna ubaguzi, mradi sababu isemwe. Ubaguzi ni pale mtu mzima mwenye kimo kifupi anapowekwa kwenye ule ubao wa kupimia watoto na kuchekwa.

Bwindi wamefanyaje?

Nchi yetu ina mfano mzuri wa kutenganisha njia na zamu, na haupo kwenye kiwanja cha michezo. Upo msituni Bwindi. Kila familia ya gorila iliyozoeshwa inatembelewa na watu wanane tu kwa siku, kwa saa moja. Nafasi hizo nane zimegawiwa kwa kibali kabla mtu hajafunga viatu. Asiyeweza kupanda milima ile hubebwa na wapagazi kwenye kiti cha machela ambacho wenyeji wamekibandika jina la helikopta, kwa kupokezana, mteremko na mwinuko. Si uvumbuzi wa utalii. Watu wa Kigezi walikuwa na engozi, machela ya kusukwa, na vyama vya engozi ambavyo wanachama wake waliwabeba wagonjwa mabegani hadi hospitali. Mgeni anayebebwa Bwindi analipia wapagazi wake, na bei si ndogo, lakini sijasikia mtu akisema ameruka foleni. Haiwezekani kusema. Zamu yake ilikwisha amuliwa siku alipopata kibali. Kilichobaki ni njia.

Sasa rudi kwenye kiwanja cha michezo cha Kampala siku ya Idd. Hakuna kilichoamuliwa. Baba anafika na binti yake kwenye kiti cha magurudumu. Kutoka boda ilipowashusha mpaka getini ni changarawe, magurudumu ya mbele yanazama. Getini askari mwenye huruma anapaza sauti, "Nyabo, wapisheni hao, mnaona hali yake!" Umati unafunguka, watu mia wanamkodolea macho msichana wa miaka kumi na mitatu, na anasogezwa mbele kabisa kwenye magari ya kugongana ambayo kiti chake hakiwezi kuyafikia kwa kuwa kuna ngazi tatu za zege. Baba anambeba mgongoni. Amepewa zamu ambayo hakuiomba, akanyimwa njia aliyoihitaji, na binti amelipa tofauti hiyo kwa macho ya watu. Nyuma yao yuko mama mwenye mvulana aliyeziba masikio kwa viganja. Huyo hakuna anayempisha. Anaambiwa amfundishe mtoto adabu.

Huruma ile ni ya kweli na siidharau. Foleni nyingi za Uganda, kuanzia benki hadi kituo cha kupigia kura, zinaendeshwa nayo. Tabu yake ni kwamba inategemea askari wa zamu, na inaona miguu tu.

Kisheria, hatuna udhuru. Katiba ya mwaka 1995 katika kifungu cha 35 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya heshima na utu. Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 30 cha mkataba huo kinawataja watoto wenye ulemavu waziwazi: washiriki michezo, burudani na mapumziko sawa na watoto wengine. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006 ilibadilishwa na ile ya 2020, ambayo inakataza ubaguzi katika huduma zinazotolewa kwa umma na kudai majengo ya umma yafikike. Aliyebaguliwa anaweza kwenda Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na yenye uwezo wa kusikiliza malalamiko kama baraza. NUDIPU, umoja wa kitaifa wa vyama vya watu wenye ulemavu, upo tangu 1987. Na sensa ya mwaka 2014 ilihesabu kwamba asilimia 12.4 ya watu wa miaka miwili na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Mwenye kiwanja anayesema "hao huwa hawaji" ajiulize kama wangeweza kuja.

Wepesi wetu uko hapa: viwanja vyetu havijafikia kuuza mlango wa haraka kwa mapana kama Florida, kwa hiyo haki na biashara havijagongana bado. Kijana wa tiketi akipewa kalamu na vikaratasi, amwandikie mama yule "rudi saa tisa na robo", kazi ya DAS nzima imefanyika bila programu wala intaneti. Aulize swali moja tu, nini kinachokushinda hapa, na aridhike na jibu. Watadanganya wachache, na kama wanarudi kwa zamu halali, uongo wao umewapa kivuli tu. Ngazi tatu za zege zinaondolewa na fundi mmoja, mchanga na mifuko michache ya saruji. Saa ya kwanza baada ya kufungua, spika zikiwa zimezimwa, inamfaa mtoto mwenye usonji kuliko pasi yoyote, na muziki ukinyamaza saa mbili asubuhi sidhani kama kuna mteja atakayedai fedha zake.

Kwa mzazi anayepanga kwenda sikukuu ijayo, piga simu kabla, na usiulize "je, mnahudumia walemavu?" Utajibiwa ndiyo, kila mara. Uliza kuna ngazi ngapi kufika kwenye mchezo fulani, mlango wa choo una upana gani, kama kuna kivuli karibu na foleni, na saa ngapi watu huwa wachache. Kisha uliza kuhusu tiketi ya msaidizi. Bustani nyingi za Uingereza humruhusu msaidizi kuingia bure, kwa hoja kwamba bila yeye mteja hakuweza kuja. Kwetu baba anayembeba binti yake mgongoni hadi kwenye gari la kugongana, na kukaa kando yake kumshika kiuno, hukatiwa tiketi ya pili kama mtu aliyekuja kucheza.